Jina Lililofutwa kwa Tupa

Mlionisoma Jumapili iliyopita mnakumbuka mliponiacha: nimekaa ukumbini hapa Okayama, viganja vimelowa jasho, nasubiri kupewa mtihani mbele ya watu kama mtoto wa shule.

Kwa anayeanza leo, niseme kwa ufupi. Mimi ni Isogai Shunsaku, mkaguzi wa panga fupi za kale. Kwa miaka ishirini, mtu akiokota upanga darini kwa babu yake alikuwa anauleta kwangu. Mimi ndiye niliyemwambia mhunzi gani aliufua, na kama jina lililochongwa kwenye shina lake ni la kweli au limechongwa na tapeli. Neno langu lilitosha. Hakuna aliyekwenda kuuliza kwingine.

Kisha mambo yakaniharibikia mfululizo. Mke wangu Fumie akaondoka. Duka nikalifunga. Na macho yangu, macho niliyokuwa nakula nayo, yakaingia ukungu.

Mkaguzi asiyeona! Nilimficha kila mtu isipokuwa mwanafunzi wangu Chizuru. Miaka miwili yule mwanamke alikaa ubavuni mwangu akininong'oneza anachokiona, nami nikatangaza kwa sauti nene kana kwamba nimeona mwenyewe.

Huo ulikuwa uongo wangu mdogo. Leo naungama ule mkubwa.

Mchezo wa chama chetu cha wapenzi wa panga ni rahisi kuueleza. Panga tano zinalazwa mezani. Shina la kila upanga, yaani kile chuma kinachoingia ndani ya mpini na ndipo mhunzi huchonga jina lake, limefungwa kwa kitambaa cheupe. Unaangalia ubapa tu. Unaandika jina la mhunzi kwenye kikaratasi, unampa mwamuzi, naye anakujibu. Una nafasi tatu.

Siku zote mwamuzi alikuwa mimi. Lakini safari hii mwenyekiti wetu, Mzee Kurozumi, mtengenezaji wa mchuzi wa soya, miaka themanini na moja na ulimi kama wembe, alikuwa na lake.

"Leo Isogai acheze na wenzake," alisema. "Bwana Uemori ametoka Osaka, yeye ataamua. Au unaogopa, Isogai?"

"Siogopi, Mzee."

"Mbona umepauka?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, cheko la mtu aliyekanyagwa mguu.

Nikageuka kumtafuta Chizuru. Mto wake wa kukalia, pale pembeni yangu, ulikuwa mtupu.

"Chizuru yuko wapi?" nikamuuliza Nakatsuka, daktari wa meno, jirani yangu wa kushoto.

"Si yule mbele, upande wa wenye panga! Hukuambiwa? Upanga wa tatu ni wake." Akanisukuma kwa kiwiko. "Mwanafunzi wako ana hazina nyumbani na wewe hujui. Mwalimu gani wewe?"

Nilijua kwamba hana. Alikuwa amenipa jina la mumewe, Makabe, na kuniambia kwao hawajawahi kumiliki hata kisu cha maana.

Upanga wa kwanza nilibahatisha, nikapata. Wa pili nikabahatisha, nikapata. Nakatsuka akanong'ona, "Ukikosa wa tatu nitafurahi sana, Mwalimu. Nimechoka kuaibika peke yangu."

Nikasogea kwa magoti hadi kwenye upanga wa tatu. Nikauinamia kama ilivyo desturi. Nikaushika.

Mkono wangu ukaganda.

Wapo watu wasiosahau sura. Mimi sisahau uzito. Upanga ule ulikaa mkononi kwa namna moja tu, ukivuta kidogo kuelekea ncha, kama mtoto anayetaka kukuponyoka sokoni. Niliwahi kuushika mara moja tu maishani, miaka kumi na tisa nyuma. Sikuhitaji macho. Hata hivyo niliunyanyua kwenye taa, na hata kupitia ukungu wangu niliona weupe ukitambaa kando ya makali, mpana, umejaa, kama mvuke wa mchele unaotokota.

Ulikuwa upanga wa Hirose.

Hirose Tamotsu alikuwa mwalimu wa hesabu na rafiki yangu tangu ujana. Tulianza pamoja kujifunza panga, tukila maandazi ya mtama kituo cha treni kwa kuwa hatukuwa na uwezo wa chakula cha mchana.

Mwaka mmoja kabla sijaushika upanga huo, mimi nilikuwa nimeupitisha upanga mfupi wa Mzee Kurozumi. Nilitangaza kuwa ni kazi ya Munehisa, mhunzi wa kijiji cha Osafune wa zaidi ya miaka mia nne iliyopita, ambaye panga zake zilizobaki hazizidi vidole vya mkono mmoja. Hapo ndipo jina langu lilipopanda. Nikawa Mwalimu Isogai. Nikaoa.

Kisha Hirose akaja nyumbani mbio, viatu karibu asahau kuvivua.

"Shunsaku, tazama! Nimeununua pamoja na makorokoro ya nyumba moja inayobomolewa. Tazama shina!"

Kwenye shina palichongwa jina Munehisa. Nikautazama ubapa. Dakika haikuisha nilikuwa nimeshajua. Ulikuwa wa kweli, na mzuri kuliko wa Kurozumi.

Kisha nikalitazama jina tena. Herufi ya pili iliishia na ndoano ndogo, patasi imegeuzwa kwa ndani. Kwenye upanga wa Kurozumi mchoro huohuo uliishia wima, bila ndoano.

Mikono miwili tofauti. Kama huu wa Hirose ni wa kweli, basi ule niliouapia mimi ni wa uongo.

"Kwani vipi?" Hirose akauliza. "Mbona kimya?"

Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa na nilikuwa mwalimu kwa mwaka mmoja tu.

"Pole, ndugu yangu," nikasema. "Ubapa si mbaya. Lakini jina ni la uongo."

"Una hakika?"

"Hakika."

Alinitazama kwa muda mrefu. Sebuleni palikuwa na binti yake wa miaka kumi na moja, amekuja naye, ameinamia daftari la hesabu. Hirose akaufunga upanga taratibu, akamwambia, "Twende, mama."

Wiki iliyofuata akarudi peke yake. Akaufungua mbele yangu. Shina lilikuwa jeupe, limekwanguliwa. Jina lililokaa pale zaidi ya miaka mia nne alikuwa amelifuta kwa tupa.

"Jina la uongo halifai kubaki," alisema. "Sasa ni upanga tu."

Nilimmiminia chai, nyingine nikaimwaga. Hirose akajitoa kwenye chama, na tangu siku hiyo hatukukaa tena meza moja. Alifariki miaka mitatu iliyopita. Kwenye mazishi nilisimama nyuma kabisa, na nikaondoka kabla ya kumwona mtu yeyote wa familia.

Haya. Sasa nimepiga magoti ukumbini, upanga wake mkononi mwangu, na mbele yangu, upande wa wenye panga, amekaa mwanamke wa miaka thelathini.

Fanyeni hesabu wenyewe. Mimi niliifanya palepale, jasho likanitoka hadi kisogoni.

Nikarudi mahali pangu na kikaratasi. Nikaandika jina la mhunzi wa mkoa mwingine kabisa. Ndiyo, nilifanya hivyo. Hata mbele ya chuma kile nilijaribu kukimbia.

Bwana Uemori akakisoma. "La."

Minong'ono ikapita ukumbini. Mwalimu amekosa!

Kikaratasi cha pili. Nikaandika mhunzi wa Osafune, lakini wa vizazi viwili baadaye.

"Kijiji ndicho," akasema Uemori. "Mtu siye. Rudi nyuma."

"Mwalimu," Nakatsuka akaninong'oneza, na safari hii hakukuwa na utani, "unaumwa?"

"Niache."

Nikamtazama Chizuru. Sikuuona uso wake, ukungu ulikuwa mzito. Niliona tu kimono cha rangi ya majivu, kimetulia tuli. Hakuna aliyeninong'oneza chochote. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili nilikuwa peke yangu na upanga.

Nikaandika: Munehisa.

Uemori akakisoma, akaniinamia. "Umepata."

Nilidhani nitapumua. Mzee Kurozumi hakunipa nafasi.

"Munehisa gani huyo?" Sauti yake ilipanda. "Mimi ndiye mwenye Munehisa hapa! Nimeutazama kila mwaka mpya tangu ulipoupitisha. Haufanani na huu hata kidogo. Isogai! Wangu ni Munehisa au si Munehisa? Baada ya siku kumi upanga wangu unakwenda kwenye maonyesho ya jiji, na jina lako limeandikwa chini yake!"

"Mzee, naomba tuzungumze pembeni."

"Pembeni kuna nini? Sema hapahapa."

Chizuru akainama hadi paji la uso likagusa mkeka. Akanyanyuka.

"Mniwie radhi wazee wangu," alisema. "Mimi ni binti wa Hirose Tamotsu. Upanga huu ulikuwa wa Baba. Ulikuwa na jina, likafutwa. Kabla ya kulifuta alichukua nakala yake."

Akafungua karatasi nyembamba. Wenye kazi hii wanaijua: unalaza karatasi juu ya shina, unaisugua kwa wino mkavu, kila mchongo unajichora. Karatasi ikapita mkono kwa mkono. Kila aliyeipokea alivuta pumzi.

"Jina hili ni la kweli," Uemori akasema. "Nani alimwambia alifute?"

Birika lilikuwa likichemka chumba cha pili.

"Mimi," nikasema.

Neno moja tu, na lilinitoka kama jino. Nikaendelea, maana nikisita nisingeweza tena. "Nilijua ni wa kweli. Nilimwambia Hirose ni wa uongo ili nisionekane nimekosea kwa Mzee Kurozumi. Aliniamini, akalifuta. Ni mimi."

"Hakukuamini," Chizuru akasema.

Nikafikiri sikusikia vizuri.

"Hakukuamini, Mwalimu. Nilikikuta kitabu chake cha kumbukumbu baada ya mazishi. Sikuwa najua chochote kuhusu panga. Nilikuja kwako nijifunze, nione kwa macho yangu kama Baba alikuwa na upanga wa kweli au alijidanganya. Sikutaka kuambiwa na mtu."

"Ukajua lini?" sauti yangu ilikuwa ya kizee.

"Mwaka jana. Ulinifundisha vizuri." Akatoa kitabu kidogo kwenye mkono wa kimono, akasoma bila kutetemeka. "'Leo Shunsaku amesema ni wa uongo. Hakunitazama usoni. Anajua. Nikipinga, wa Mzee Kurozumi utakaguliwa upya na Shunsaku atakuwa amekwisha. Ndiyo kwanza ameoa. Nitalifuta jina. Upanga utabaki uleule, hauhitaji jina. Yeye analihitaji.'"

Nakatsuka, yule mcheshi, alikuwa analia waziwazi.

Mimi sikulia. Nilihisi kama nimepigwa rungu la kifua. Miaka kumi na tisa nilijiona nimemdanganya rafiki yangu, kumbe alinisikiliza nikidanganya, akaenda nyumbani, akakaa chini na tupa, akaliangamiza alilolipenda ili mimi niendelee kuitwa mwalimu. Na nikakubali kuitwa.

"Sasa nimeelewa," Mzee Kurozumi akasema polepole. Akampa ishara mtu wake, likaletwa kasha lake la mti. Akautoa upanga wake mfupi, akakichomoa kijiti cha mwanzi kinachoushikilia mpini, akauvua mpini kwa mikono yake ya kizee. Shina likabaki uchi. Akausukuma mbele yangu juu ya mkeka.

"Uliuapia. Sasa ukane mbele ya watu haohao. Sema: huu ni wa uongo. Nitautoa kwenye maonyesho na nitaliondoa jina kama alivyofanya Hirose. Sema!"

Nikauchukua. Tangu siku ile ya Hirose sikuwahi kuugusa tena. Kila mwaka mpya Mzee alinialika kuutazama, na kila mwaka nilikuwa na mafua.

Nikalileta shina karibu na uso. Sikuona kitu. Kutu tu, nyeusi, imeungana na ukungu wangu.

Basi nikafanya jambo ambalo mkaguzi hufundishwa asifanye. Nilitafuta jina kwa kidole gumba. Herufi ya kwanza. Ya pili. Nikaufuata ule mchoro unaoishia wima, polepole, hadi mwisho.

Haukuishia wima.

Chini ya kutu, mahali ambapo jicho linaona chuma kilichojaa, kidole kilitumbukia. Palikuwa na kishimo kidogo kimezibwa na kutu ya karne, kimepinda kwa ndani.

Ndoano.

Nikarudia. Mara ya pili. Mara ya tatu. Ndoano ileile, patasi ileile, mkono uleule. Labda huu aliufua akiwa kijana na ule akiwa mzee, ndiyo maana ubapa haukufanana.

Mzee Kurozumi alikuwa na Munehisa wa kweli. Hirose alikuwa na Munehisa wa kweli. Sikuwa nimekosea hata mara moja. Nilisema uongo bure. Hirose alilifuta jina lile bure.

"Mzee," nikasema, "subiri. Huu ni wa kweli."

Ukumbi ukalipuka.

"Bado tu!" mtu akafoka nyuma. "Hana haya!"

"Hata leo anajitetea!"

"Wote wawili ni wa kweli!" nikapiga kelele. "Kuna ndoano, iko chini ya kutu! Guseni!"

Mzee Kurozumi akainua mkono, wakanyamaza. "Isogai, neno lako limekwisha thamani humu ndani. Lakini binti wa Hirose ana macho, na tumeyaona. Binti, njoo. Utakalosema wewe ndilo nitakalofuata."

Chizuru akasogea kwa magoti, akakaa mbele yangu, karibu kama siku zile aliponinong'oneza. Alinukia mafuta ya karafuu yanayopakwa panga. Akaulaza upanga wa Mzee mapajani, akaweka karatasi ya baba yake kando ya shina, akaangalia hiki, akaangalia kile.

"Kwa macho hutaona," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Herufi ya pili. Mwisho wake. Tumia kidole, mwanangu."

Akatumia kidole. Nilikuwa karibu kiasi kwamba niliona kivuli cha mkono wake kikishuka kwenye shina. Kikapita herufi ya kwanza. Kikapita ya pili. Kikafika mwisho.

Kikasimama.

Kikarudi nyuma kidogo, kikashuka tena, kikasimama palepale. Nilisikia pumzi yake ikikatika, kisha ikirudi.

Alijua. Naapa kwenu wasomaji, alijua kama nilivyojua mimi siku ile nyumbani kwangu, na kwake pia dakika haikuisha.

"Binti," Mzee akasema. "Ni mkono mmoja?"

Chizuru akaikunja karatasi ya baba yake, pindo juu ya pindo, bila haraka. Akairudisha ndani ya kimono. Akanigeuzia uso, na ingawa sikuuona, nilijua ananitazama machoni.

"Pole, Mwalimu," akasema. "Ubapa si mbaya. Lakini jina ni la uongo."

Mzee Kurozumi akafumba macho. Alionekana kapungua nusu.

"Una hakika?" akauliza.

"Hakika."

Yule mzee akaupokea upanga wake kwa mikono miwili, akausogeza kifuani kama mtu anayepokea maiti ya mtoto, na bila kumtazama yeyote akasema:

"Nileteeni tupa."